Kufufua Muziki wa Roshani: Uimbaji wa Zaburi katika Makanisa ya Vijijini Uingereza na Funzo Lake kwa Wahifadhi wa Nyimbo za Kwaya

1.0 Utangulizi

Mwaka 1872 Thomas Hardy alichapisha riwaya yake iitwayo Under the Greenwood Tree. Ndani yake kundi la wapigaji na waimbaji wa kanisa moja la kijijini linaondolewa katika nafasi yake ya miaka mingi ili kinanda kichukue mahali pake. Kisa hicho ni cha kubuni, lakini mazingira yake si ya kubuni. Babu yake Hardy, ambaye alikuwa mwashi, alipiga zeze kubwa la sauti ya chini katika kanisa la Stinsford, jimbo la Dorset, na wanawe walimfuata katika kazi hiyo. Vitabu vya nota vilivyotumiwa na jamaa hiyo vimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Dorset. Kwa hiyo riwaya ya Hardy inaweza kusomwa kama tanzia ya muziki ambao, mwaka ilipochapishwa, ulikuwa umekwisha kunyamazishwa katika sehemu kubwa ya Uingereza.

Muziki huo sasa unaimbwa tena. Tangu miaka ya 1980, na hasa baada ya kuundwa kwa chama cha muziki wa roshani ya magharibi mwaka 1990, makundi ya wenyeji yameutafuta, yakaunakili na kuuimba katika makanisa yaleyale ulikofukuzwa. Wengi wa watendaji hao si wanamuziki kwa taaluma. Kazi yao ni ya jamii, na ndiyo maana inastahili kuchunguzwa.

Makala haya yana shabaha tatu. Kwanza, yanaeleza muziki wa roshani ulikuwa nini, na kwa nini uliondolewa. Pili, yanachambua matatizo ya kiisimu na ya kimuziki yanayomkabili anayetaka kuufufua. Tatu, yanauliza ufufuaji huo unawafundisha nini watafiti wa Afrika ya Mashariki, ambako nyimbo za kwaya zilizotungwa na walimu wa vijijini zimo katika hatari ya kupotea. Hoja kuu ni kwamba uhai wa mapokeo ya uimbaji hautegemei karatasi peke yake, wala kumbukumbu peke yake, bali unategemea kuwapo kwa watu wanaoona kuwa wana haki ya kuyaimba.

2.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kwenda mbele ni vema kufafanua istilahi tatu.

Istilahi ya kwanza ni roshani. Katika miji ya mwambao neno hili hutumika kwa kibaraza cha ghorofani kinachojitokeza nje ya nyumba. Hapa litatumika kwa jukwaa lililojengwa juu, ndani ya kanisa, upande wa magharibi, likielekeana na madhabahu iliyo upande wa mashariki. Huko ndiko waimbaji na wapigaji walikokaa, na ndiko muziki wao ulikopata jina.

Ya pili ni jina la kundi lenyewe. Kiingereza cha zamani kiliandika neno lenye maana ya kwaya kwa tahajia ya quire, na tahajia hiyo ilikuja kuachwa. Makundi mengi ya leo yameirudisha makusudi. Kwa sikio hakuna tofauti yoyote, kwani matamshi ni yaleyale. Tofauti iko machoni, nayo inatangaza kwamba kundi hili si ile kwaya ya kanzu nyeupe iliyolirithi kanisa katika karne ya 19. Huu ni mfano mzuri wa jinsi tahajia inavyoweza kubeba msimamo wa kihistoria.

Ya tatu ni tendo lenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyokaribiana: kuhifadhi, kuhuisha na kufufua. Kuhifadhi ni kukiweka kitu kisiharibike. Kuhuisha, lenye asili ya Kiarabu, ni kukitia uhai kitu kilichofifia. Kufufua, lenye mzizi wa kitenzi -fa, hudai kwamba kitu kilikwisha kufa. Tofauti hizi si za mapambo. Anayesema anafufua muziki anakiri kwamba mnyororo wa kurithishana ulikatika, na kwamba kati yake na wazee kuna pengo ambalo hakuna mwalimu aliye hai wa kuliziba. Kama itakavyoonekana, pengo hilo ndilo linalozaa maswali magumu kuliko yote.

3.0 Chimbuko na Sifa za Muziki wa Roshani

3.1 Historia kwa ufupi

Baada ya mageuzi ya dini ya karne ya 16, Kanisa la Uingereza liliruhusu waumini waimbe zaburi zilizotiwa katika ubeti wa Kiingereza. Mkusanyo kamili wa Sternhold na Hopkins ulitoka mwaka 1562. Mwaka 1696 ulitoka mkusanyo mpya wa Nahum Tate na Nicholas Brady, na nyongeza yake ya mwaka 1700 ikaleta wimbo maarufu wa Krismasi kuhusu wachungaji waliokesha usiku. Wengi wa waumini hawakujua kusoma. Kwa sababu hiyo karani wa parokia alitamka mshororo mmoja, nao wakaurudia kwa kuimba, polepole na bila ala, kila mmoja akiipamba lahani apendavyo.

Kuelekea mwisho wa karne ya 17, vyama vya vijana wacha Mungu vilianza kujifunza zaburi kwa sauti kadhaa. Vitabu kama kile cha John Playford cha mwaka 1677 viliwapa nota, na walimu wa kuzungukazunguka vijijini wakawapa mafunzo. Vijana hao walihitaji mahali pa kukaa pamoja, na roshani ikawa mahali pao. Kadiri karne ya 18 ilivyoendelea ziliongezwa ala: kwanza zeze kubwa au basuni ya kushikilia sauti ya chini, kisha filimbi, klarineti na fidla. Vinanda vya mabomba vilikuwa ghali, na parokia nyingi za mashambani hazikuwa navyo.

Watunzi wengi walikuwa watu wa kazi za mikono. Thomas Clark, aliyetunga lahani iitwayo Cranbrook na kuichapisha mwaka 1805, alikuwa fundi viatu wa Canterbury. Lahani hiyo baadaye ilichukuliwa na wimbo wa kienyeji wa Yorkshire, na leo Waingereza wengi wanaiimba bila kujua kwamba ilitoka kanisani.

3.2 Mizani

Msomi wa ushairi wa Kiswahili ataona jambo analolifahamu. Zaburi hizo zilipangwa kwa hesabu ya silabi. Bahari iliyotumika zaidi ilikuwa na mizani 8, 6, 8 na 6 katika mishororo minne. Nyingine ilikuwa na mizani 8 katika kila mshororo, na nyingine 6, 6, 8 na 6. Kwa kuwa bahari zilikuwa chache, lahani moja iliweza kubeba maneno ya zaburi nyingi, na zaburi moja iliweza kuimbwa kwa lahani nyingi. Lahani zilipewa majina yake zenyewe, aghalabu ya miji na vijiji, ili zisichanganywe na majina ya zaburi.

Utaratibu huu hauko mbali na ule wa utenzi, ambamo mizani 8 ya kila kipande humwezesha mghani kuitumia lahani moja kwa beti mamia. Hata hivyo kuna tofauti ya msingi. Katika bahari hizo za Kiingereza haitoshi kuhesabu silabi, kwani mkazo nao una mahali pake maalumu, na kwa kawaida huangukia silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Tofauti hii itarejewa katika sehemu ya 7.0, kwa sababu ndiyo iliyowasumbua wafasiri wa nyimbo za dini katika Kiswahili.

3.3 Sauti zinazofukuzana

Mtindo uliopendwa sana na waimbaji wa roshani, na kuchukiwa sana na wapinzani wao, ni ule ambao sauti nne haziingii pamoja bali moja baada ya nyingine. Jina lake la Kiingereza lina uhusiano na neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita mtindo wa sauti zinazofukuzana. Besi huanza, teno hufuata, kisha sauti za juu, hata zote zikutane mwishoni. Utamu wake uko katika mbio hizo.

Lakini mtindo huo una gharama kwa lugha. Kwa muda fulani kila sauti hutamka neno lake, na msikilizaji haambulii hata moja. Aidha mtunzi hulazimika kuukata mshororo na kuurudia kipande kipande. Tuuchukue mshororo wa kubuni wenye mizani 8: Nitaimba sifa zake. Ukikatwa baada ya silabi ya tano na kurudiwa, kitakachosikika ni nitaimba si, nitaimba si, nitaimba sifa zake. Silabi si, ambayo ni mwanzo wa nomino, inageuka kikanushi masikioni mwa msikilizaji. Wapinzani wa muziki wa roshani walikuwa na mifano mingi ya aina hiyo katika Kiingereza, na hawakuchoka kuisimulia.

Sifa nyingine iliyowashangaza watu wa baadaye ni nafasi ya lahani kuu. Katika kwaya za leo lahani hiyo huwa katika sauti ya juu kabisa. Katika muziki wa roshani kwa kawaida ilikuwa katika teno, na aghalabu wanawake waliiimba pia kwa kiwango cha juu zaidi. Sauti zilizobaki ziliizunguka lahani kama mazungumzo ya watu wazima, kila moja ikiwa na jambo lake la kusema.

4.0 Kuondolewa kwa Makundi ya Roshani

Katika miongo ya kati ya karne ya 19 makundi haya yalitoweka parokia moja baada ya nyingine. Sababu zake zilikuwa nyingi na zilisaidiana.

Ya kwanza ni ya kitheolojia. Vuguvugu lililoanza Oxford mwaka 1833 lilitaka kurudisha adhama ya ibada. Chama kilichoundwa Cambridge mwaka 1839 kilifundisha kwamba jengo la kanisa lirejeshwe katika umbo la zama za kati, na roshani hazikuwa na nafasi katika umbo hilo. Zilibomolewa kwa wingi. Waimbaji wapya walivishwa kanzu nyeupe na kuwekwa karibu na madhabahu, mbele ya macho ya padri.

Ya pili ni ya ufundi. Harmoniamu, iliyosajiliwa Paris na Alexandre Debain mwaka 1842, ilikuwa kinanda cha bei nafuu kilichoweza kupigwa na mtu mmoja. Mtu huyo aghalabu alikuwa mwalimu wa shule au binti wa padri, yaani mtu aliye chini ya mamlaka ya kanisa. Mwaka 1861 kilichapishwa kitabu cha Hymns Ancient and Modern, kikiwa na muziki uliohaririwa na William Henry Monk. Kitabu hicho kilizipa parokia nyimbo za aina moja, zenye sauti zinazotembea pamoja na maneno yanayosikika.

Ya tatu ni ya kijamii, na ndiyo inayobishaniwa zaidi. Nicholas Temperley, katika utafiti wake mkubwa wa mwaka 1979, anaufuatilia muziki wa parokia hatua kwa hatua na kuonyesha mivutano ya muda mrefu kati ya waumini, makarani na makasisi. Vic Gammon (1981) anaongeza kwamba kuondolewa kwa makundi haya hakukuwa suala la ladha ya muziki tu. Mafundi na vibarua waliokaa roshani walijichagulia nyimbo, walijiongoza wenyewe, na wikendi hiyohiyo waliweza kupiga ngoma za dansi katika sherehe za kijiji. Waliokuwa na uwezo huo walikuwa na kiasi cha uhuru ambao kanisa lililojipanga upya halikuweza kuuvumilia.

Hata hivyo haitakuwa haki kuwageuza wanamageuzi kuwa wabaya wa hadithi. Wakati wa zaburi waumini waliokaa chini waligeuka kuelekea magharibi, wakaitazama roshani na kusikiliza. Kundi lililoanzishwa ili kuwasaidia waumini waimbe lilikuwa limewapokonya kuimba kwenyewe. Aliyetaka mkulima aliyeketi nyuma naye afungue kinywa alikuwa na hoja. Mfufuaji anayelisahau jambo hilo atakuwa amefufua nusu ya historia.

5.0 Mabaki

Muziki wa roshani haukufutika kabisa. Ulibaki kwa njia tatu, na kila njia ilihifadhi kitu ambacho nyingine haikuhifadhi.

Njia ya kwanza ni maandishi. Vitabu vya mkono vya waimbaji vilibaki katika masanduku ya familia, katika makabati ya makanisa na baadaye katika nyaraka za majimbo. Baadhi yake vina zaburi upande mmoja, na ukivigeuza vina lahani za dansi upande wa pili. Kasisi K. H. MacDermott alikuwa miongoni mwa waliotambua thamani yake mapema, na vitabu vyake vya mwaka 1922 na 1948 vilikusanya kumbukumbu za Sussex na kwingineko wakati wazee wachache bado walikuwa na la kusimulia. Faharasa ya lahani aliyoisimamia Temperley na kuchapishwa mwaka 1998 inahusu lahani zilizochapwa pamoja na maneno ya Kiingereza hadi mwaka 1820. Kwa kuitumia, mwenye daftari lisilo na jina la mtunzi anaweza kutambua lahani nyingi alizo nazo.

Njia ya pili ni mdomo. Katika vijiji vya kaskazini mwa Sheffield, kama vile Dungworth na Stannington, nyimbo za Krismasi za mtindo wa roshani ziliachwa na makanisa lakini hazikuachwa na watu. Zilihamia vilabuni. Hadi leo, kuanzia katikati ya Novemba hadi siku inayofuata Krismasi, watu hukusanyika katika baa na kuziimba kwa nguvu, wengi bila kitabu. Ian Russell amezichunguza kwa miongo kadhaa na kuonyesha kwamba kila kijiji kina orodha yake na namna yake ya kuimba. Karatasi haina sauti, lakini vijiji hivi vimeihifadhi sauti: jinsi pumzi inavyovutwa, kasi, na furaha ya sauti zinazofukuzana.

Njia ya tatu ni uhamiaji. Vitabu vya watunzi wa Kiingereza, kama vile William Tans'ur, vilisomwa na kuigwa Marekani katika karne ya 18. William Billings, mtengenezaji ngozi wa Boston, alitoa mkusanyo wake wa kwanza mwaka 1770. Muziki huo uliposukumwa kutoka mijini ulishuka kusini, na mwaka 1844 B. F. White na E. J. King wa Georgia wakachapisha kitabu cha The Sacred Harp. Nota zake zina maumbo manne, ya pembetatu, ya duara, ya mraba na ya almasi, kwa silabi fa, sol, la na mi. Waimbaji huimba kwanza silabi, kisha maneno. Hukaa katika mraba wakitazamana, na hakuna hadhira. Kitabu hicho kimehaririwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 1991 na mwaka 2025, na mapokeo yake hayakukatika.

6.0 Kazi ya Ufufuaji

6.1 Kusoma na kuhariri

Jamii inapopata daftari la zamani, kazi ya kwanza ni kulisoma. Alama za ufunguo si zile zinazofahamika leo. Mara nyingi maneno yaliyoandikwa ni ya ubeti wa kwanza tu, kwa kuwa mwimbaji aliyafuata mengine katika kitabu cha zaburi. Baya zaidi, kila mwimbaji alikuwa na daftari la sauti yake. Likibaki la besi peke yake, wimbo mzima haupo.

Kisha huja swali la uhariri. Watunzi wa vijijini walivunja kanuni za muziki wa shule. Sauti mbili zilitembea sambamba pale ambapo kanuni zilikataza, na mapatano yao yalikuwa makavu. Mhariri anayesahihisha makosa hayo anarudia kazi ya wanamageuzi wa karne ya 19 kwa kalamu. Asiyesahihisha lolote anaweza kuhifadhi kuteleza kwa mkono wa mnakili na kukuita mtindo. Mwanaisimu anayehariri matini za lahaja analijua tatizo hili. Kanuni inayofaa ni ileile: nakili kwanza yaliyomo jinsi yalivyo, weka mapendekezo pembeni, na usifanye kazi hizo mbili kwa tendo moja.

6.2 Kuimba

Daftari halielezi sauti ilivyokuwa. Je, waimbaji wa leo watumie matamshi ya shule au lahaja ya jimbo? Wengi wa waliozitunga nyimbo hizi walizungumza lahaja, na vina ambavyo havikubaliani katika Kiingereza sanifu cha leo vinaweza kuwa vilikubaliana vinywani mwao. Lakini lahaja inayoigizwa na mtu asiyeizungumza hugeuka mzaha. Hapo ndipo ushahidi wa Sheffield na wa Marekani unapofaa. Hautupi sauti ya mwaka 1780, kwani kila mapokeo hubadilika, lakini unaonyesha kwamba mtindo huu huhitaji kifua wazi na mwendo imara, si sauti laini ya kwaya ya kanzu.

6.3 Mahali

Muziki huu uliundwa kwa ajili ya jengo fulani, na pale uliporudishwa kanisani wafufuaji waligundua jambo ambalo karatasi haikuwaambia: sauti inayoshuka kutoka juu na nyuma humzunguka muumini kwa namna tofauti kabisa na ile inayotoka mbele. Lakini roshani nyingi hazipo tena, na kundi husimama chini likitazamwa. Hapo linazuka swali kuu. Tukio hilo ni ibada au ni onyesho?

Swali hili lina uzito wa kisheria na kimaadili. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaeleza urithi usioshikika kuwa ni yale ambayo jamii zenyewe zinayatambua kama sehemu ya urithi wao, yanayorithishwa kizazi hadi kizazi na kuumbwa upya daima. Uingereza ilijiunga na mkataba huo mwaka 2024. Kwa kipimo hicho uimbaji wa Sheffield unakidhi sharti la kurithishana bila shida. Muziki wa kundi lililoanza juzi kwa kusoma daftari la nyaraka haukidhi kirahisi, kwa kuwa mnyororo ulikatika. Je, si urithi?

Jibu linalopendekezwa na makala haya ni kwamba sharti la kuumbwa upya halina budi kusomwa kwa uzito sawa na lile la kurithishana. Fundi viatu wa Canterbury naye hakurithi lahani yake. Aliitunga kwa ajili ya watu aliowajua. Kundi linaloimba nyimbo za parokia yake kwa miaka ishirini, likafundisha watoto na kuongeza lahani mpya, limekwisha kuanza mnyororo mwingine. Lenye kuvaa mavazi ya kale mara moja kwa mwaka na kuyavua limehifadhi sura tu.

7.0 Uhusiano na Afrika ya Mashariki

Historia hii haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Wamisionari wa UMCA, waliofika Zanzibar mwaka 1864, walitokana na vuguvugu lilelile la Oxford lililobomoa roshani. Edward Steere, askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1874 hadi kifo chake mwaka 1882 na mwanzilishi mmojawapo wa taaluma ya Kiswahili, alikuwa amewahi kuwa padri wa parokia ya mashambani huko Lincolnshire. Muziki wa Kianglikana uliofika mwambao ulikuwa ule ulioshinda, yaani wa kinanda na wa kitabu cha aina ya kile cha mwaka 1861. Muziki wa mafundi haukupanda jahazi.

Nota za do re mi, zinazotumiwa na kwaya zetu hadi leo, nazo ni tunda la mageuzi hayohayo ya uimbaji. Zilibuniwa na Sarah Glover wa Norwich, na John Curwen akazikuza na kuzieneza kuanzia miaka ya 1840. Hivyo alama ambazo kwetu ni urithi mkongwe, huko zilikotoka zilikuwa usasa uliosaidia kuuzika urithi mwingine.

Pamoja na lahani lilikuja tatizo la mkazo lililotajwa hapo juu. Lahani za bahari ya 8, 6, 8, 6 huweka mkazo katika silabi ya pili, ya nne, ya sita na ya nane. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Uchukuliwe mshororo wa kubuni: Bwana wetu mwema sana. Mizani ni 8 barabara, lakini lahani itaulazimisha utamkwe bwaNA weTU mweMA saNA, na kila neno litakuwa limepindwa. Hesabu ya silabi imetimia, na lugha imevunjika. Stephen Mbunga, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu, alitetea nafasi ya muziki wa Kiafrika katika ibada. Mwaka 1968 Howard Olson wa Makumira alitoa Tumshangilieni Mungu, mkusanyo wa nyimbo zenye lahani za Kiafrika. Juhudi hizo zilikuwa ukombozi wa lugha kama zilivyokuwa ukombozi wa muziki.

Tangu hapo walimu wa kwaya wametunga nyimbo zisizo na idadi. Waliziandika kwa nota za do re mi katika daftari za shule, wakazitoa nakala kwa stensili, wakazifundisha kwa midomo. Wengi wao, kama watunzi wa roshani, walikuwa watu wenye kazi nyingine: walimu, wakulima, mafundi. Leo nyimbo za kinanda cha umeme na za kanda za studio zinachukua nafasi yake, na daftari zimo mikononi mwa wajane na wajukuu, zikingoja mchwa. Kenya iliridhia mkataba wa mwaka 2003 mnamo 2007, na Tanzania mnamo 2011. Hata hivyo mkataba hauokoi daftari. Daftari huokolewa na mtu anayebisha hodi.

Tofauti kubwa kati yetu na Waingereza ni ya wakati. Wao walipoanza kazi, mashahidi wote walikuwa wamekwisha kufa. Sisi bado tunaweza kumuuliza mtunzi, au aliyeimba chini yake, kwa nini alama hii imepigiwa mstari na neno lile limefutwa. Kwa hiyo mambo manne yanapaswa kufanywa sasa. Kila daftari linakiliwe lilivyo kabla ya kuhaririwa. Mwimbaji mzee arekodiwe akiimba sauti yake peke yake, kisha pamoja na wenzake. Maneno yaandikwe kama yalivyoimbwa, pamoja na umbo la lahaja au la lugha ya nyumbani. Na haki za mtunzi na familia yake zielezwe kwa maandishi kabla nakala haijatoka kijijini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza jinsi muziki wa roshani ulivyozaliwa, ulivyoondolewa, na unavyorudishwa na watu wa kawaida katika makanisa ya Uingereza. Imeonekana kwamba maandishi, mdomo na uhamiaji vilihifadhi vipande tofauti vya mapokeo yaleyale, na kwamba ufufuaji hufaulu pale vipande hivyo vinapokutanishwa. Imeonekana pia kwamba mfufuaji anahitaji uadilifu wa mhariri: asisahihishe kimyakimya, na asisahau kwamba waliouondoa muziki huo nao walikuwa na hoja.

Kwa watafiti wa Kiswahili funzo liko wazi. Tunavyo vitenzi vitatu, na kila kimoja kina wakati wake. Kwa Waingereza wengi uchaguzi umebaki mmoja, kufufua, isipokuwa katika vijiji vichache ambako kuhuisha kunatosha. Kwa nyimbo za kwaya zetu kuhifadhi bado kunawezekana, nako ndiko kwenye gharama ndogo kuliko yote. Kila mwalimu wa kwaya anayezikwa bila kuulizwa anatusogeza kutoka kitenzi cha kwanza kuelekea cha tatu.